Unajua Muliro Gardens, Lakini Muliro Mwenyewe Unamjua? Stori ya Mhesh Aliyekubali Kupigwa Kalamu

Sema ukweli. Ukisikia jina Muliro, kitu ya kwanza kukuingia akilini ni gani? Kama wewe ni msee wa mtandao, najua jibu lako: ile bustani ya Kakamega na zile picha za wapenzi zilizosambaa hadi zikafika kwa simu ya shosho. Kama ulisomea Western, ni MMUST, chuo kikuu chenye jina lake. Kama ocha kwenu ni Bungoma, ni ule uwanja wa Kanduyi ambapo taifa lote lilikuja kusherehekea Madaraka 2024.

Jina liko kila mahali. Bustani, chuo, uwanja. Lakini ukisimamisha mbogi ya vijana pale stendi ya Kitale uwaulize huyu Masinde Muliro alifanya nini, wengi watakuambia tu alikuwa mwanasiasa wa kitambo. Halafu wanarudi kwa simu.

Leo tulia kidogo tuongee. Huyu mzee aliwahi kuwa na kila kitu ambacho mhesh wa siku hizi anaweza kuuza nyanya yake ili apate: uwaziri, gari la bendera, ukaribu na rais. Akaviacha vyote kwa sababu ya kura moja ndani ya mjengo. Na hiyo si hata nusu ya stori.

Mtoto wa Kimilili

Muliro alizaliwa 1922 kijiji cha Matili, Kimilili, huko chini ya Mlima Elgon. Mbukusu kamili. Maisha hayakumpa mtelezo, maana wazazi walimwacha akiwa bado mdogo, akalelewa na kaka yake mkubwa. Shule alizosoma zilikuwa za misheni ya Kikatoliki, kisha akavuka mpaka hadi Tororo, Uganda, kutafuta masomo zaidi.

Sasa sikia hii. Wakati wasomi wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wanaelekea Makerere, Muliro alienda mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa 1949. Ukikumbuka historia, 1948 ndio chama cha makaburu kilishika gava kule na kuanza kuweka ubaguzi wa rangi kwa sheria. Kijana kutoka Kimilili alifika kukiwa moto. Alisoma huku akiona kwa macho yake venye serikali inaweza kuandika kwa karatasi kwamba wewe si mtu kamili.

Alirudi Kenya 1954 na digrii mkononi. Nyumbani nako mambo yalikuwa noma: hali ya hatari, Mau Mau msituni, KAU imepigwa marufuku, Kenyatta ndani. Muliro akashika chaki. Alifundisha Alliance Girls, na baadaye chuo cha walimu cha Siriba, Maseno. Angeweza kutulia hapo, ale mshahara wake, ajenge nyumba ya mabati ocha na maisha yasonge.

Hakutulia.

Wale wanane wa 1957

Machi 1957 Mkoloni alikubali kwa mara ya kwanza Waafrika wachague wabunge wao wa kwenda LegCo, lile baraza la kutunga sheria. Lakini usidhani ilikuwa kura kama ya sasa, unaenda na kitambulisho unachapa. La. Kura ilipimwa kwa masomo, mali na kazi. Msee mmoja angeweza kuwa na kura mbili au hata tatu, na jirani yake asiwe na hata moja.

Muliro akaingia debe la Nyanza Kaskazini. Mpinzani wake alikuwa mzito: W.W.W. Awori, mwanahabari na mpiganiaji wa haki aliyekuwa tayari ndani ya baraza. Kama jina hilo linakukumbusha mtu, ndiyo, ni kaka ya Moody Awori, yule aliyekuja kuwa makamu wa rais chini ya Kibaki. Mwalimu wa Kimilili akamwangusha.

Hebu angalia mbogi aliyoingia nayo: Oginga Odinga, Tom Mboya, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi, na yeye. Watu wanane tu, wakiwakilisha Waafrika wa nchi nzima. Walipoambiwa wachukue viti vya uwaziri ndani ya katiba ya Mkoloni, walikataa na kusema kwanza idadi ya Waafrika iongezwe. Mwaka uliofuata viti vikafika 14.

Weka akilini jina la Moi hapo. Litarudi.

KADU, majimbo na vita vya Kitale

Mbogi ikagawanyika, kama kawaida ya siasa. 1960 KANU ikazaliwa, na makabila madogo yakaogopa kumezwa na yale makubwa. Ndipo KADU ikaundwa, Ngala akiwa kiongozi na Muliro naibu wake. Moi alikuwa humo pia. Sera yao kubwa ilikuwa majimbo: kila eneo lijisimamie, pesa na mamlaka visikae Nairobi pekee.

Ukiangalia vizuri, wazo la gavana na kaunti unazoziona leo lina mizizi yake huko. Lakini tusipake rangi. Majimbo pia ilikuwa stori ya shamba, na Kitale ndio ilikuwa kidonda chenyewe.

Trans Nzoia ilikuwa ndani ya ile ardhi Mkoloni alijitengea mzungu peke yake. Udongo wa kumeza mate, mahindi ya kufa mtu. Reli ilifika Kitale 1926 kubeba mavuno ya walowezi. Mwafrika aliishi pale kama kibarua, analima shamba ambalo kwa sheria hangeweza kulinunua. Sasa uhuru unakuja, mzungu anafunga virago. Shamba linabaki na nani?

Wabukusu walisema ni letu, tulikuwa hapa. Wakalenjin nao wakasema hapana, hapa ni kwetu. Mipaka ya mikoa ikawa vita ya maneno: Kitale iende Magharibi au ibaki Bonde la Ufa? Na kumbuka, Muliro na Moi walikuwa chama kimoja. Wanakaa meza moja, wanapigania majimbo pamoja, halafu kila mmoja anavuta Kitale upande wake. KADU ilikaribia kupasuka kwa sababu ya hiyo kitu. Mwishowe Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa, na Wasabaoti wa Mlima Elgon, ambao wengi walitaka kwenda Bonde la Ufa, wakajikuta Magharibi. Hakuna aliyeridhika. Hicho kidonda hakikupona, na baadaye kilitoa damu.

Muliro mwenyewe alichagua kuweka siasa yake pale pale. Mtoto wa Bungoma akawa mbunge wa upande wa Kitale, katikati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Alikuwa kati ya viongozi waliowasukuma watu wajiunge kwa vyama vya ushirika, wachange, wanunue mashamba ya mzungu aliyekuwa anahama. Kama guka yako alihama kutoka Bungoma akaenda kununua ekari chache Trans Nzoia, hiyo ndiyo safari tunayoizungumzia.

KADU yenyewe haikudumu. Novemba 1964 ilivunjwa na wabunge wake wakavuka kwenda KANU. Muliro naye alivuka. Moi alipanda ngazi haraka sana, na kufikia 1967 alikuwa makamu wa rais. Muliro alingoja zaidi, lakini zamu yake ikafika: Kenyatta alimpa wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii, kisha baadaye akawa Waziri wa Ujenzi. Barabara, madaraja, majengo ya gava, zote chini yake. Kwa lugha ya leo, mzee alikuwa ameomoka.

Ile siku ya Juni 1975

Hapa ndipo nataka ukae macho.

Machi 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyependwa sana na watu wa chini, alipotea Nairobi. Mwili wake ukapatikana Ngong, ameuawa. Nchi ikachemka. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake akawa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki, mtoto wa nyumbani kwa Muliro.

Juni ripoti ikafika bungeni. Ilikuwa chungu. Ilitaka maafisa wakubwa wa usalama wachunguzwe. Gava ikaingiwa na baridi na kutafuta njia ya kuizika kistaarabu: badala ya Bunge kuipitisha ripoti, basi liseme tu limeiona. Unaona huo mchezo? Kuona barua si kuijibu.

Sheria ya baraza la mawaziri inajulikana. Ukiwa waziri, unapiga kura na gava. Hakuna kujifanya una maoni yako. Ukitaka maoni yako, rudisha gari kwanza.

Muliro alikuwa waziri. Mahali pake palikuwa upande wa Kenyatta. Na si eti alikuwa kijana wa kuchemka damu ambaye hajui anachofanya. Alikuwa mzee wa miaka 50 na kitu, miaka 18 ndani ya siasa, na aliona wazi mtu kama JM, mwenye jina na pesa na watu, ameokotwa porini kama takataka. Kama wangemfanyia JM hivyo, wangemshindwa nani?

Kura ilipoitwa, alisimama na wale waliotaka ripoti ipitishwe. Manaibu waziri wawili, John Keen na Peter Kibisu, nao wakafanya hivyo. Gava ikashindwa ndani ya Bunge lake yenyewe, na tofauti ilikuwa kura chache sana. Maana yake ni kwamba hao watatu hawakuwa mapambo. Kila kura ilikuwa na uzito.

Haikuchukua muda. Kenyatta akawapiga kalamu wote watatu.

Hebu jiweke pale. Asubuhi una dereva, walinzi na bendera. Jioni wewe ni mbunge wa nyuma, simu haziiti, na waliokuwa wanakuamkia kwa kuinama sasa wanageukia upande mwingine ukipita. Na hujui kama yaliyompata JM hayatakupata. Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa hapo hapo Bungeni na kutupwa kizuizini bila kesi. Hayo ndiyo yalikuwa mazingira.

Na je, muuaji wa JM alipatikana? Hapana. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Kwa hivyo unaweza kuuliza, sasa Muliro alipata nini? Kwa mahesabu ya tumbo, alipata hasara. Lakini ile ripoti iko kwa rekodi za Bunge kama ripoti iliyopitishwa, si iliyoonekana tu. Ukitaka kujua nani alisema ndiyo siku ambayo ndiyo ilikuwa hatari, majina yapo.

Rafiki wa zamani akiwa Ikulu

Kenyatta alifariki Agosti 1978. Moi, yule wa 1957, yule wa KADU, akaingia Ikulu. Ungedhani Muliro sasa ameangukia kwa meza ya karamu. Haikuwa hivyo.

Juni 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, kupitia kile kifungu cha 2A. Agosti mapinduzi yakajaribiwa yakafeli, na kutoka hapo kamba ikakazwa. 1988 ikaja mlolongo: wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, halafu afisa anatangaza mstari mfupi ndio umeshinda. Babako akikuambia aliona hayo kwa macho, mwamini.

Tafakari hii kidogo. Mtu aliyeenda Bungeni 1957 kudai kila Mwafrika awe na kura yake, miaka 30 baadaye anatazama hiyo kura ikigeuzwa mchezo na mtu ambaye waliingia pamoja.

Wazee sita na nchi moja

Katikati ya 1991, Muliro akiwa na miaka 69, akaingia kwa vita ya mwisho. FORD ikatangazwa na majina sita: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Salim Bamahriz. Sita tu, na hilo lilikuwa ujanja wa kisheria, maana kundi dogo hivyo halikuhitaji kusajiliwa na gava. Angalia tena hayo majina. Odinga na Muliro walikuwa kati ya wale wanane wa kwanza. Odinga alikuwa karibu miaka 80. Walikuwa wazee ambao wangeweza kukaa ocha wakicheza na wajukuu na kunywa busaa kwa mirija.

Nyuma yao walikuwa vijana, mawakili na wasomi, kina Orengo, Imanyara na Raila. Lakini kofia za mbele zilikuwa za wazee, kwa sababu gava ingepata taabu kuwaita watoto watundu.

Novemba 16, 1991, mkutano ukaitwa Kamukunji. Gava ikasema hakuna kibali. Watu wakaja. Karao wakaja wengi zaidi, na rungu na vitoa machozi. Viongozi wakakamatwa, Muliro akiwemo. Kabla ya mwezi kuisha, wafadhili waliokutana Paris wakafunga bomba la misaada mipya. Desemba Moi akakubali, na 2A ikafutwa. Januari 18, 1992, FORD ikarudi Kamukunji kwa kibali, na umati uliofika ulikuwa wa kushangaza.

Hiyo haki unayoitumia kumchamba rais kwa mtandao kabla ya kunywa chai? Ilipitia hapo.

Lakini wakati Nairobi inasherehekea, nyumbani kwa Muliro kulikuwa kunaungua. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Nandi mwishoni mwa 1991 yakaenea hadi Trans Nzoia na Bungoma, upande wa Mlima Elgon. Nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia makanisani na sokoni na watoto mgongoni. Neno majimbo, lile la KADU, likarudi mdomoni mwa watu waliomaanisha kitu kingine kabisa: rudi kwenu. Watu waliohimizwa kuchanga pesa na kununua shamba wakaambiwa shamba si lao. Kile kidonda cha mipaka sasa kilikuwa kinatoa damu.

Asubuhi ya uwanja wa ndege

FORD nayo ilianza kuumwa kutoka ndani. Nani apeperushe bendera dhidi ya Moi? Odinga alitaka. Kenneth Matiba, aliyerudi kutoka matibabu London Mei 1992, naye alitaka. Muliro alikuwa pia na macho kwa hicho kiti, na kuna wengi walioamini ndiye angeweza kukubalika na pande zote mbili.

Hatutajua. Agosti 14, 1992, Muliro alitua Nairobi asubuhi akitoka London, ambako alikuwa ameenda kwa shughuli za chama. Alianguka pale pale uwanja wa ndege na akafariki. Alikuwa na miaka 70.

Uvumi ulizunguka na bado unazunguka. Nchi iliyomzika JM haiwezi kuamini kifo cha ghafla kirahisi. Lakini hakuna kitu kilichowahi kuthibitishwa mahakamani, na sisi hatutakuuzia kile hatuna. Alizikwa shambani kwake, Kitale.

Kilichofuata unakijua. FORD ikapasuka mara mbili, Ford-Kenya ya Odinga na Ford-Asili ya Matiba. Desemba 29 Moi akashinda na kura kama asilimia 36 hivi. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walimkataa, na bado akakaa miaka mingine kumi. Western kiti cha uzito kikaenda kwa Wamalwa Kijana, pia wa Kitale, ambaye 2003 naye alikufa akiwa makamu wa rais.

Sasa wewe

Kuna kitu kinachekesha kidogo. Kile chuo cha Kakamega, kabla ya kuitwa Masinde Muliro 2007, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Hata kwa majina hawa wawili hawakuachana.

Muliro hakuwa malaika. Alicheza siasa ya kabila kama wenzake, na aliruka KADU kwenda KANU kama wengine. Lakini mhesh wa eneo lako akipiga kura kwa mswada ambao kila mtu kwa graundi anaulilia, halafu aje kwa mazishi aseme alishikwa mikono, hakukuwa na njia, chama kiliamua, mkumbuke mzee wa Kimilili. Chama kilikuwa kimeamua pia 1975. Mikono yake ilikuwa na gari la bendera la kupoteza. Njia aliiona.

Kwa hivyo siku nyingine ukipita Muliro Gardens na mpenzi wako, kaeni chini ya mti, pigeni stori, hakuna mtu atawaharibia. Ila muulize kama anajua hilo jina ni la nani. Asipojua, sasa unajua pa kuanzia.

Mulembe.